Aliyetupa mlio wa Nokia alihamisha piano kwenye gitaa

Ule mlio wa simu za Nokia umetolewa katika Gran Vals, utungo wa Francisco Tárrega, mpiga gitaa wa Uhispania (1852–1909). Kwangu mimi, kazi yake nzito zaidi ilikuwa kuuhamishia kwenye gitaa muziki wa piano wa Chopin, Beethoven na Mhispania mwenzake Albéniz.

Si kunakili tu. Piano ina vibonye 88 na vidole vyote kumi huvibonyeza. Gitaa lina nyuzi sita, na kila uzi hutoa sauti moja kwa wakati. Lazima baadhi ya noti ziachwe, nyingine zishushwe, pengine wimbo mzima ubadilishwe ufunguo, na bado msikilizaji autambue. Tárrega alijua cha kuacha: piano nayo aliisomea, Madrid.