Kuandika bila bughudha: programu zinazomfungia mwandishi kelele nje

Pwani hii haina uhaba wa watu wenye la kuandika. Nenda Mji wa Kale, nenda Lamu, nenda Malindi au Vanga, hutakosa mtu wa kukwambia kwamba ana utenzi alioanza, ana historia ya mtaa wao aliyoipokea kwa babu yake, au ana riwaya iliyofika sura ya pili. Kilicho adimu ni kazi iliyokwisha. Sababu ni nyingi, na pesa za kuchapisha ni mojawapo. Lakini iko nyengine inayotuibia kila siku bila ya sisi kuihisi: chombo tunachoandikia ndicho hicho hicho kinachotuita tukaangalie mambo mengine.

Mimi huhariri miswada ya watu, na swali la programu gani nzuri ya kuandikia naulizwa mara kwa mara. Kwa hivyo leo nataka tuzungumzie programu zilizoundwa makusudi kwa ajili ya tatizo hili. Nitaeleza zinafanya nini, zinapatikana vipi, na wapi zinagota.

Ukifungua Word ya kawaida, unaona vitufe juu, mistari pembeni, aina za herufi, rangi, majedwali. Kila kimoja kina kazi yake, lakini hakuna hata kimoja unachokihitaji unapotafuta sentensi ya pili. Programu ya kuandika bila bughudha huondoa vyote hivyo. Ukiifungua inajaza skrini nzima, na kinachobaki ni maneno yako tu. Huoni saa, huoni alama ya barua pepe, huoni ukurasa wa intaneti uliouacha wazi nyuma yake.

Moja ya zilizovuma mapema ni WriteRoom, iliyotengenezewa kompyuta za Mac: skrini nyeusi, herufi za kijani, basi. Mwaka 2010 ikaja iA Writer, kwanza kwenye iPad. Hiyo ina kitu cha ziada: ukitaka, sentensi unayoiandika ndiyo pekee inayong'aa, na zilizobaki hufifia. Maana yake ni kukuzuia usirudi nyuma kila mara kurekebisha ulichokwisha andika. Wapo pia waliokataa kuuacha ukale. George R. R. Martin, mwandishi wa Marekani aliyeandika vitabu vilivyozaa tamthilia ya Game of Thrones, alieleza kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba huandikia WordStar 4.0, programu ya miaka ya 1980, kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti kabisa. Mambo ya barua pepe ana kompyuta nyengine.

Kuna aina ya pili ambayo si ya kuandikia. Hiyo kazi yake ni kufunga mlango wa intaneti kwa muda unaoutaja mwenyewe. Zinazojulikana sana ni Freedom na SelfControl. Zadie Smith, mwandishi wa Uingereza, alizitaja zote mbili kwenye shukrani za riwaya yake NW ya mwaka 2012, pamoja na watu waliomsaidia. Nadhani msomaji anaelewa uzito wa jambo hilo: mwandishi wa daraja lile akikiri kwamba peke yake hawezi kushindana na intaneti, sisi tusijione mashujaa.

Kwani tatizo liko wapi hasa? Mtu atasema, "Nimetazama ujumbe sekunde kumi tu, kisha nimerudi kuandika." Sekunde kumi ndizo anazoziona. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu akiacha kazi kabla haijaisha na kuingia nyengine, sehemu ya akili yake hubaki kule alikotoka, na ile kazi mpya huifanya vibaya zaidi. Mwili umerudi, fikra bado ziko njiani. Sasa chukua mtu anayepanga vina. Ameshika kina cha kati kichwani, anatafuta cha mwisho, mara simu inalia: kuna mtu ametuma picha ya arusi kwenye grupu. Akirudi, kina kimeshapotea na ubeti unaanzwa upya.

Kwa wengi wetu swali la kwanza ni bei. Ya bure ninayoipendekeza ni FocusWriter. Inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na unaipakua bila malipo. Ukishaifungua, vitufe vyote vimefichwa, na havitokei mpaka usogeze mshale kwenye ukingo wa skrini. Unaweza kujiwekea lengo la siku, kwa maneno au kwa dakika, na yenyewe ikakuhesabia. Inaweza pia kuhifadhi kazi yenyewe kila baada ya muda mfupi. Jambo hilo kwetu si dogo, kwa sababu stima haipigi hodi inapokatika. Hakikisha tu umeliwasha kwenye mipangilio yake. Ipo pia namna ya kuiweka ndani ya flashi, ukatembea nayo na kuitumia kwenye kompyuta ya saiba au ya ofisini.

Kama hutaki kupakua kitu, angalia ulichonacho. Kwenye LibreOffice, bonyeza Ctrl, Shift na J kwa pamoja, skrini yote inakuwa ukurasa wako. Word za karibuni zina kitufe kiitwacho Focus chini ya View.

Na wanaoandikia simu, ambao pengine ndio wengi zaidi? Hao kazi yao ni ngumu, kwa kuwa simu ndiyo kelele yenyewe. Washa ile alama ya ndege kabla ya kuanza. Simu haitapokea kitu, na programu yoyote ya kuandikia vidokezo iliyomo ndani itafanya kazi bila bando. Ikiwa huwezi kukatika kabisa kwa sababu ya mgonjwa au watoto, tumia Usinisumbue na uruhusu namba mbili tatu tu zipite. Ninalokusihi sana ni usitunge ndani ya WhatsApp. Huko unaandika ukiwa umekaa mlangoni, kila apitaye akusalimie.

Liko jambo moja ambalo wenzetu wanaoandika Kiingereza hawalioni, nalo ni mistari myekundu. Kompyuta nyingi zimepangwa kwa Kiingereza, na Kiswahili chako chote huonekana kosa. Ukurasa mzima unakuwa mwekundu kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Na hata ukipata kamusi ya Kiswahili sanifu, ukiandika *mato* badala ya macho, au *ndia* badala ya njia, mashine itakukosoa kwa lugha ya nyanya yako. Simu nayo inaweza kuligeuza neno "kama" likawa "karma" bila ya kukuuliza. Huu si usumbufu wa macho peke yake. Mwandishi kijana akionyeshwa wekundu kila mara chini ya maneno ya kwao, mwisho huanza kuyaepuka, na Kimvita au Kiamu chake kinakauka mkononi mwake. Kwa hivyo kitu cha kwanza cha kuzima, kabla hata ya intaneti, ni ukaguzi wa tahajia na urekebishaji wa maneno. FocusWriter inakuruhusu kuuzima ukaguzi huo, na programu nyingi nyengine pia. Tahajia utaikagua siku ya kuhariri.

Sasa nieleze zinapogota. Kwanza, zinahesabu maneno, hazihesabu mizani. Mshairi anayetaka mizani nane kila kipande cha utenzi, au kumi na sita kila mshororo wa shairi, atahesabu kwa vidole na kwa sikio kama walivyofanya waliomtangulia. Kwake yeye afadhali aweke lengo la dakika, kwani beti tatu nzuri zaweza kuwa kazi ya usiku mzima. Pili, nyingi huhifadhi kazi ndani ya kompyuta ile ile tu. Kompyuta ikiibiwa au ikiingia maji, mswada umekwenda nayo. Kila ukimaliza, jitumie faili kwa barua pepe yako mwenyewe. Tatu, kuchagua programu kunaweza kugeuka kuwa bughudha mpya. Mtu hujaribu tano kwa wiki, anabadilisha rangi na herufi, na hana hata ukurasa mmoja.

Tena tusisahau kwamba kilichoandika ni mtu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni, kati ya 1969 na 1972, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Hakuna anayemtakia mwandishi jela, na wala sisemi dhiki ndiyo shule. Nasema kwamba hakuwa na kifaa, bali alikuwa na neno la kusema na hakuliacha. Sisi tuna vifaa vinavyotushinda wingi, na neno letu linangoja tumalize kutazama video.

Na halingoji milele. Wazee wanaojua mitaa ilivyopata majina, nani alijenga jahazi gani, na nyimbo zipi ziliimbwa siku gani, wanapungua kila mwaka. Mjukuu aliyekusudia kuyaandika hayo hana muda wa kupoteza.

Basi jaribu hivi kwa wiki moja. Chagua programu moja, usitafute ya pili. Zima mistari myekundu. Kata intaneti kwa dakika thelathini, wakati nyumba imetulia, na simu iweke chumba chengine. Andika bila ya kurudi nyuma kusahihisha. Dakika zikiisha, jitumie faili, kisha uwashe simu. Zile jumbe utazikuta, hakuna aliyezichukua.