Sosi ya Big Mac Haina Kechapu

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. "Shikamoo mwalimu, nimechanganya mayonezi na kechapu nusu kwa nusu, mbona haifanani na sosi ya Big Mac?" Mwingine anauliza kama ni robo au theluthi. Mwingine ameshabadilisha aina tatu za kechapu na sasa anataka nimtajie ya nne. Na majuzi mama mmoja anayeuza baga na chipsi jioni amenilalamikia kwamba mwanawe amerudi likizo kutoka Muscat, ameonja sosi ya nyumbani, akasema "Mama, hii si ile ya kule." Mama akaongeza kechapu. Nimekuwa nikijibu kwa upole, mmoja mmoja. Leo najibu kwa wote, na upole umepungua: kiasi cha kechapu kinachotakiwa ni sifuri.

Msinibishie kabla hamjasikia ushahidi. Baga yenyewe ilianza kuuzwa mwaka 1967 mjini Uniontown, jimbo la Pennsylvania, na Jim Delligatti, mtu aliyekuwa na migahawa ya McDonald's kwa leseni. Aliiuza senti 45, na mwaka uliofuata ikaingia kwenye menyu ya Marekani nzima. Sosi yake ikapambwa kwa maneno ya siri na umaalumu, na matangazo ya biashara yakaifanya siri hiyo kuwa wimbo. Kisha mwaka 2012 McDonald's ya Kanada ikatoa video ya mpishi mkuu wa kampuni, Dan Coudreaut, akiitengeneza sosi hiyo jikoni kwa vitu vya dukani, huku akieleza kwamba viambato vyake havikuwa siri hata kabla ya siku ile. Aliweka mayonezi, achari tamu ya matango, haradali ya manjano, siki ya mvinyo mweupe, unga wa kitunguu saumu, unga wa kitunguu maji na paprika. Vitu saba. Tafuteni nyanya humo.

Kama hamumwamini mpishi, someni orodha ya viambato ambayo kampuni huichapisha Marekani. Mna mafuta ya soya, achari ya matango, viini vya mayai, siki, viungo, unga wa vitunguu, mbegu za haradali, gundi ya kuzuia sosi isitiririke, na kwa upande wa rangi, paprika na manjano. Mwaka 2018 waliipitia upya wakaondoa vihifadhi vya kemikali. Nyanya hawakuiondoa, kwa sababu hawakuwa nayo.

Sasa kwa nini imani hii haifi? Kwanza, macho. Mtu akiona sosi ina wekundu kidogo, mawazo yake yanakimbilia kwenye chupa ya nyanya. Lakini itazameni sawasawa. Ukichanganya mayonezi na kechapu unapata waridi, rangi ya rinda la sikukuu. Sosi ya Big Mac si ya waridi. Ni hudhurungi iliyofifia, yenye umanjano kwa mbali, karibu na ganda la yai la kuku wa kienyeji. Rangi hizi mbili hazitoki mahali pamoja. Rangi ya paprika huyeyuka kwenye mafuta, na mayonezi inayostahili jina hilo kwa sheria ya Marekani haipungui asilimia 65 ya mafuta. Kwa hiyo paprika ikikaa humo inatoa rangi yake taratibu na kuisambaza sosi nzima, na manjano yaliyomo kwenye haradali yanaisogeza mbali na wekundu. Nyanya haifanyi hivyo. Rangi yake imefungwa ndani ya vipande vidogo vya nyama ya tunda, na kwenye kechapu inabaki humo humo. Ukiikoroga na mayonezi, kinachotokea ni vidoa vyekundu juu ya weupe, na jicho linavijumlisha kuwa waridi. Hakuna uwiano wa kechapu utakaokutoa kwenye waridi ukakufikisha kwenye hudhurungi. Utazunguka tu kati ya waridi iliyokolea na waridi iliyopauka.

Pili, ulimi. "Lakini mwalimu, nimeisikia nyanya mwenyewe." Sikatai. Kwenye menyu ile ile kuna hambaga ndogo na ile yenye jibini, na hizo hupakwa kechapu na haradali kweli. Halafu kuna chipsi, na chipsi huchovywa kwenye kechapu, kisha vidole vile vile vinashika baga. Aliyekula vyote kwenye sinia moja hana haki ya kutoa ushahidi kuhusu kilichokuwa ndani ya mkate upi.

Tatu, na hapa ndipo walimu wa mitandaoni wanapoharibu kazi, kuna sosi jamaa. Iko sosi ya saladi iitwayo Thousand Island, iliyopewa jina la visiwa vya mto St. Lawrence, mpakani mwa jimbo la New York na Ontario. Hiyo kwa kawaida huwa na nyanya. Ina mayonezi na ina achari iliyokatwakatwa, basi watu wakaona ni pacha wa sosi ya Big Mac, na kila anayenakili anaandika "ni Thousand Island tu." Na mayonezi kwa kechapu pekee, bila kingine, ina nasaba yake yenye heshima. Waargentina huiita salsa golf, na simulizi lao linamtaja Luis Federico Leloir, aliyeikoroga ujanani kwenye klabu ya gofu mjini Mar del Plata kwa kuchoshwa na kamba waliopakwa mayonezi tupu. Bwana huyo ndiye aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970, kwa kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo sina ugomvi na sosi ya waridi. Kuleni, chovyeni mihogo. Ila msiniletee mkisema imekataa kuwa Big Mac.

Maana madhara yake hayaishii kwenye rangi. Karibu robo ya uzito wa kechapu ya kawaida ni sukari, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Ukimimina kwenye mayonezi unaongeza maji mengi kuliko mafuta yanavyoweza kuyashikilia kwa uzito ule ule, sosi inalegea na kukimbia pembeni mwa mkate. Hapo ndipo mganga anapoanza kutibu dawa yake mwenyewe. Sosi imelegea, anatia unga wa mahindi au maziwa ya unga. Imekuwa na uchanga wa unga, anatia siki. Imekuwa kali, anatia sukari. Imekuwa ya waridi mno, anatia bizari nyembamba, na sasa inanuka pilau. Nimeonja vitu hivyo, kwa sababu watu huniletea kwenye vikopo. Ugonjwa ulikuwa mmoja na uliingia kwa kijiko cha kwanza cha kechapu.

Kinachoifanya sosi ile itambulike ni achari tamu ya matango, na ndicho kitu ambacho karibu kila anayeniuliza amekiruka kwa sababu hakipo duka la jirani. Utamu wake, uchachu wake na vile vipande vinavyokatika chini ya jino ndivyo vinavyobeba ladha. Ukikosa vingine vyote ukawa na mayonezi, achari hiyo na haradali, umefika karibu. Ukikosa achari, hujaanza.

Haya, jikoni, upesi. Supamaketi kubwa za Dar es Salaam na Nairobi huwa na achari ya matango kwenye chupa. Soma kibandiko, uchukue ile tamu. Huipati? Ondoa mbegu za tango moja, likatekate vipande vidogo sana, nyunyiza chumvi, acha saa moja, kamua mpaka mkono uchoke. Chemsha na siki nyeupe vijiko vikubwa vinne na sukari viwili mpaka majimaji yakaribie kwisha. Ipoe kabisa. Ikiingia ikiwa moto itakata mayonezi.

Nusu kikombe cha mayonezi. Achari vijiko vikubwa viwili. Haradali ya manjano, ile laini ya Kimarekani, vijiko viwili vya chai. Ile ya Kifaransa yenye ukali wa puani haifai hapa. Siki kijiko kimoja cha chai. Unga wa kitunguu maji, unga wa kitunguu saumu na paprika, nusu kijiko cha chai kila kimoja. Paprika onja kwanza, kwani baadhi ya pakiti zenye jina hilo ni pilipili kali. Vitunguu viwe vya unga: kibichi kinatoa maji, na saumu mbichi ikilala usiku mmoja inameza ladha nyingine zote. Koroga kwa kijiko, usisage kwa mashine. Funika, weka kwenye friji usiku kucha. Ukionja papo hapo utasema nimekudanganya, kwa sababu unga wa vitunguu haujalainika na paprika haijatoa rangi.

Mayonezi nunua ya dukani. Wanaotengeneza nyumbani kwa mayai mabichi huniambia wameyaosha mayai vizuri. Salmonela anaweza kuwa ndani ya yai, na ganda safi halimwondoi. Wala matone ya limau ya dakika ya mwisho hayamwui. Mayonezi ya kiwandani hutumia mayai yaliyopashwa moto kuua vijidudu.

Kwenye baga, sosi hupakwa juu ya mkate wa chini na ule wa katikati, kisha kitunguu kilichokatwa vidogo na saladi iliyokatwa nyembamba. Kwenye friji inakaa wiki moja. Wauzaji wa barabarani, toeni kidogo kidogo kwenye chupa, nyingine ibaki kwenye barafu, na iliyoshinda nje kwenye jua imwageni. Ikiwa nzito mno, ilegezeni kwa siki ya achari, kijiko kimoja kimoja.