Kioo cha Kompyuta Kikizimika, Kazi ya Tawi Isipotee



Siku hizi matawi mengi ya chama, viwandani na mashambani, hayategemei daftari peke yake. Orodha ya wanachama, hesabu ya michango, kumbukumbu za mikutano na barua za malalamiko huandikwa katika kompyuta ndogo ya kukunja, yaani laptopu. Hayo ni maendeleo. Lakini chombo hiki kina ugonjwa mmoja unaowatisha makatibu wengi: katibu yuko katikati ya kuandika, ghafula kioo kinakuwa cheusi.

Jambo hili si dogo. Hapa Uganda, Sheria ya Ajira iliyotungwa mwaka 2006 inataka lalamiko la mtu aliyefukuzwa kazi bila haki lifikishwe kwa afisa wa kazi katika muda wa miezi 3. Maelezo ya mwenzetu yakipotea siku za mwisho, anayeumia ni yeye na watoto wake. Kwa hiyo kila anayeshika kompyuta ya tawi inampasa kujua mambo yafuatayo.

KIOO KUFA SI KOMPYUTA KUFA

Kioo ni dirisha tu la kuonea. Maandishi ambayo hujayahifadhi yamo ndani ya mashine, katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo huishi kwa umeme. Umeme ukiwapo, maandishi yapo. Umeme ukikatika, yamekwenda.

Ndiyo sababu jambo baya kuliko yote ni lile ambalo watu wengi hulifanya kwa hofu: kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime. Usifanye hivyo. Usichomoe betri, wala usiifunge laptopu. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

1. Chomeka chaja mara moja. Ikiwa umeme wa mtaa hakuna, fanya haraka kabla betri haijaisha.

2. Pima kama mashine iko hai. Bonyeza Caps Lock. Kama kitaa chake kinawaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine inafanya kazi na maandishi yako yamo. Kabla ya kuendelea, hakikisha umekiacha kama ulivyokikuta.

3. Hifadhi bila kuona. Kama ulikuwa unaandika na hujagusa kitu kingine, shika Ctrl ubonyeze S. Kama waraka ulikwisha kupewa jina, unahifadhiwa hapo hapo. Kama haukuwa na jina na unatumia Word au Excel, bonyeza F12, ngoja kidogo, andika jina fupi, kisha bonyeza Enter. Laptopu nyingine hutaka ushike Fn pamoja na F12.

4. Jaribu kukiamsha kioo. Bonyeza vitufe vya kuongeza mwanga, pengine mwanga umeshushwa tu. Kwenye Windows 10 na 11, shika kwa pamoja kitufe chenye alama ya dirisha, Ctrl na Shift, kisha bonyeza B. Hii huanzisha upya sehemu ya picha bila kufunga kazi yako.

5. Tumia televisheni. Waya wa HDMI, ule ule unaounganisha dekoda na televisheni, huunganisha na laptopu pia. Uchomeke, kisha uchague HDMI kwa rimoti. Picha isipokuja yenyewe, shika kitufe cha dirisha ubonyeze P, ngoja kidogo, bonyeza mshale wa kushuka, kisha Enter. Subiri kidogo, na isipotokea rudia tena. Picha ikija, hakikisha kazi imehifadhiwa, inakili kwenye flashi, halafu uzime kompyuta kwa njia ya kawaida.

IKIWA IMEKWISHA KUZIMA

Usikate tamaa. Word hujiwekea nakala ya akiba kila baada ya dakika 10, kama mtu hakubadilisha mpango huo. Unganisha televisheni, washa, ufungue Word, na mara nyingi itakuonyesha yenyewe waraka uliokatizwa. Utakachopoteza ni maneno ya dakika chache za mwisho. Ukiuona, uhifadhi kwa jina jipya kabla ya kufanya lingine lolote.

Na yale uliyoyahifadhi zamani yako salama kwenye diski. Kufa kwa kioo hakuigusi diski hata kidogo.

KWA FUNDI, NENDA UKIJUA

Mulika kioo cheusi kwa tochi, ukiinamisha mwanga kidogo. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa. Kama picha inakuja na kupotea ukisogeza kifuniko, mara nyingi ni waya unaopita kwenye bawaba. Na kama televisheni inaonyesha picha safi, ubao mkuu wa mashine unafanya kazi, tafuta ugonjwa kwenye kioo au waya wake. Fundi akitaka kukuuzia ubao mpya, muulize kwa nini. Fedha hizo ni michango ya wanachama.

Jambo la pili ni siri. Ndani ya kompyuta ile mna majina ya wanachama, namba zao za simu, na malalamiko yao juu ya wasimamizi. Usiipeleke kwa fundi wa mwajiri hata kama ni bure. Mtu akikaa na fundi mpaka kazi iishe ni bora zaidi, na neno la siri asipewe. Pia tangu mwaka 2019 Uganda ina sheria ya kulinda taarifa za watu, na chama nacho kinawajibika kuzitunza.

Kompyuta nyingine za Windows hufunga diski kwa ufunguo wa tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi leo, autunze mweka hazina. Usipojulikana, hata fundi hodari akiitoa diski hataweza kuisoma.

KINGA

Inua kifuniko kwa katikati, usikivute kwa pembe moja, maana bawaba hupindika na waya hukatika. Usiibebe laptopu kwa kukishika kioo. Usisahau kalamu juu ya vitufe ukaifunga. Ukimaliza aya moja, bonyeza Ctrl na S. Kila Ijumaa toa nakala mbili kwenye flashi, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina.

Na daftari lile la zamani msilitupe. Majina na michango yaendelee kuandikwa humo kwa kalamu. Mwanachama akija na dai lake, hataki kusikia habari za kioo. Anataka kuona jina lake lipo.