UNATAKA KUPELEKA MZIGO KIDATU? JUA KWANZA PESA YA MJI INATOKA WAPI

Leo tuongelee kutafuta soko kwenye miji midogo iliyotulia. Mfano wetu ni Kidatu, jirani na bwawa la umeme la mto Ruaha Mkuu.

Kutoka Kilosa unapita Ulaya (hii ya kwetu, haina viza), unafika Mikumi, unaiacha barabara ya Iringa na kushika ya Ifakara. Unapita Kidodi na Ruaha, ukivuka daraja tu uko Kidatu.

Nilikwenda mwezi wa nne kuangalia soko la vyombo vya plastiki na vitenge. Mji kimya! Bodaboda wanasinzia kijiweni, mvua inanyesha, maduka hayana foleni. Ukifika siku kama hiyo utasema hapa hakuna pesa. Na kuna wengine wakisikia "bwawa" wanadhani pesa imejaa. Wote wanakosea.

Bwawa lile lilianza kutoa umeme 1975, na mitambo ilipoongezwa 1980 ikafika megawati 204. Maji yanapita kwenye handaki la karibu kilomita 10 ndani ya mlima mpaka kwenye mitambo iliyo chini ya ardhi. Kazi kubwa kweli. Lakini fikiria kibiashara: mtambo ukishajengwa hauhitaji watu wengi, na umeme unapanda kwenye nyaya unakwenda mbali. Hauji dukani kununua sabuni.

Pesa ya mtaani iko kwenye miwa. Viwanda vya sukari vya Kilombero viko pande zote mbili za mto, Msolwa kule na Ruembe huku kwetu Kilosa. Masika kiwanda kinafungwa, halafu kuanzia kama mwezi wa sita msimu unaanza. Wakulima wadogo wanapeleka miwa, inapimwa, kisha wanasubiri malipo, wengi kupitia AMCOS zao.

Mama mmoja mwenye duka alinionesha daftari lake. Kurasa za masika ni madeni matupu. Za kuanzia mwezi wa saba, majina yanakatwa moja moja. Masika anauza sukari kwa robo, msimu ukikolea watu wanaulizia magodoro na mabati. Mji ni uleule, wateja ni walewale.

Kwa hiyo kabla hujapeleka mzigo mji wowote:

1. Usiulize tu "wanahitaji nini", uliza "wanalipwa lini". Kuhitaji kila mtu anahitaji.

2. Pimia mwezi mbaya. Ukiona mji umechangamka mwezi wa kumi, usikimbilie kulipa fremu ya mwaka mzima. Jiulize masika kodi italipwa na nini.

3. Masika peleka vidogo vya kila siku: chumvi, viberiti, mafuta ya kupima. Vikubwa visubiri msimu.

4. Ukikopesha weka kikomo. Malipo ya miwa yanaweza kuchelewa, na wewe jumla hawakusubiri.

5. Angalia barabara. Lami ya Kidatu mpaka Ifakara, karibu kilomita 67, imekamilika. Inakuletea mzigo haraka, lakini pia inampeleka mteja wako Ifakara kununua kwa bei nafuu. Mzidi kwa ukaribu na kwa vipimo vidogo.

Mimi mtaji wangu ni laki nane. Ukidoda kule, hata duka la Kilosa linayumba. Kwa hiyo sikuchukua fremu. Nimeelewana na maduka mawili, nitawapelekea vitenge mwezi wa nane, wauze, tugawane faida. Masika ikirudi, mzigo uliobaki narudi nao nyumbani.

Mji kuwa kimya si kwamba umekufa. Huenda unasubiri malipo. Je, mji wako unalipwa lini?