Kuanguka Kunakofundisha

Wako watu wanaozichukia simu za mkononi, wakisema kwamba michezo iliyomo haina faida ila kupoteza saa za kazi. Neno hilo lina ukweli, wala hatulipingi. Lakini si ukweli wote, na yafaa tulipime jambo kabla ya kulihukumu.

Tuchukue mfano mmoja. Mwezi wa Mei 2013, Dong Nguyen, kijana wa Hanoi nchini Vietnam, alitoa mchezo uitwao Flappy Bird. Ndani yake ndege huruka: ukigusa kioo hupanda, usipogusa hushuka. Mbele yake yamesimama mabomba, naye hana budi kupenya katika mwanya uliopo kati yake. Kila mwanya ni alama moja. Akigusa bomba au ardhi amekufa, na mchezaji huanza tena toka sifuri. Wengi walianguka penye bomba la kwanza. Hata hivyo, mwanzoni mwa mwaka 2014 mchezo huo ulikuwa umeenea duniani.

Sababu ni nini? Mwendo wa ndege hauongezeki, wala mwanya haupungui. Kinachobadilika ni mkono wa mchezaji. Kila aangukapo huona papo hapo kama aligusa mapema mno au alichelewa. Hakaripiwi, hadaiwi kitu, na mara yu hewani tena. Hapo ndipo kosa linapogeuka elimu: laonekana upesi, hasara yake ni ndogo, na nafasi ya kujaribu tena ipo.

Sasa twauliza: je, mwanagenzi katika karakana anayo mambo hayo matatu? Mara nyingi hana. Akiharibu kipande cha chuma hutukanwa mbele ya wenzake, na kesho yake hupewa ufagio. Huyo hajifunzi kazi. Hujifunza kuficha makosa. Na kosa lililofichwa ndani ya mashine huja kumkata vidole mtu mwingine.

Wako waliolitambua jambo hili zamani. Mwaka 1929 Edwin Link wa Marekani alitengeneza chombo cha kufundishia urubani kisichotoka ardhini kamwe. Mwaka 1934, baada ya marubani kadhaa wa jeshi kufa katika kazi ya kupeleka barua, jeshi la nchi hiyo likavinunua vyombo hivyo. Ndani yake mwanafunzi aliweza kukosea asubuhi kutwa, na jioni akarudi kwa watoto wake.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi hufua ili jembe lipatikane. Nguyen mwenyewe aliuondoa mchezo wake mwezi wa Februari 2014, kwa kuwa aliona umewateka watu kupita kiasi. Basi mpaka ni huo: kuanguka mara mia kwa ajili ya alama ni kuanguka tu, kuanguka mara kumi kwa ajili ya ufundi ni masomo.

Kwa hiyo twawaambia wasimamizi: tengeni vyuma chakavu na saa moja kwa juma, wanagenzi wakosee bila hofu, kisha muwaonyeshe walipokosea. Nanyi vijana, saburi mnayoitumia kwa ndege wa kwenye kioo, ileteni penye tupa na msumeno. Huko alama haifutiki simu izimikapo.