Namba ya mbolea iko kwa baba, jembe analo mama

Novemba ikikaribia, mazungumzo ya jioni katika nyumba nyingi za Mbozi na Momba hubadilika. Mvua inasubiriwa, mbegu inatafutwa, kisha linakuja swali: namba ya mbolea iko wapi?

Namba hiyo ilikuja na ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23, bei ya mbolea ilipopaa duniani. Mfuko wa kilo 50 wa DAP uliokuwa umevuka Sh130,000 ulishuka hadi Sh70,000. Kwa mifuko miwili tu, nafuu hiyo ilizidi Sh120,000. Mzazi mwenye mtoto anayeingia kidato cha kwanza anajua fedha hiyo inanunua nini.

Ili kuipata, mkulima hujiandikisha kwa mtendaji wa kijiji: jina, kitambulisho, ukubwa wa shamba, namba ya simu. Kisha hupewa namba ya kwenda nayo kwa wakala, na mbolea anayouziwa hutegemea ekari alizoandikisha.

Sasa, aliyekwenda kwa mtendaji mara nyingi ni baba, na simu ni yake. Mvua ikianza huenda yuko Tunduma, anapakia mizigo au anaendesha bodaboda katikati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde. Shamba amebaki nalo mama. Anapanda gari hadi kwa wakala Mlowo, fedha ameifunga kwenye kanga, namba hana. Anapiga simu, haipatikani. DAP ni mbolea ya kupandia; mbegu ikishafukiwa bila hiyo, wiki haziwezi kurudishwa nyuma.

Dawa yake ni nyepesi kuliko ugomvi unaofuata. Namba iandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani, na mtoto wa sekondari, ambaye kwa kawaida ndiye anayewasomea wazazi ujumbe wa simu, aijue pia. Mama mwenye shamba lake anaweza kujiandikisha kwa jina lake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya ardhi sawa na mwanaume, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke.

Wazazi wenye umri mkubwa kidogo wanakumbuka vocha za pembejeo, kuanzia 2008. Kaya ilisaidiwa mbolea na mbegu za ekari moja ya mahindi, yenyewe ikichangia. Wapo waliotia saini vocha wakapokea fedha kidogo, mbolea ikabaki dukani. Kishawishi hicho hakijafa. Mpakani mfuko wa bei nafuu haukosi mnunuzi, ingawa kuuza mbolea ya ruzuku nje ya nchi ni marufuku. Anayeuuza anashika noti leo. Mwezi wa saba nyumba nzima inahesabu magunia pungufu, na waliopalilia hawakuulizwa.

Januari ndiyo ngumu zaidi. Mahindi yanadai urea ya kukuzia wakati uleule shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari imefutwa hadi kidato cha sita, lakini sare, madaftari na nauli havijafutwa. Familia inayotenga fedha ya urea mara tu inapouza mavuno, kabla ya sherehe za Desemba, huumia kidogo.

Lipo jambo moja ambalo mfuko wa mbolea pekee hautoshi kulitunza: udongo wenyewe. Ruzuku ya mbolea haimlipi mtu kwa kuchimba makinga maji mlimani au kuacha mabua yaoze shambani badala ya kuyachoma. Urea ikimwagwa mwaka hadi mwaka bila samadi wala chokaa, tindikali huongezeka na mahindi hunufaika kidogo na mbolea ileile iliyopiganiwa. Kazi hiyo hufanywa baada ya mavuno, wakati hakuna foleni kwa wakala na baba pengine yuko nyumbani. Shamba hilo ndilo watakalolima watoto wanaosubiri sare mpya Januari.