Stima Ikirudi, Kompyuta ya Duka Ijiwashe Yenyewe

Stima imepotea dakika kumi, sasa imerudi. Taa zinawaka, friji inanguruma, lakini kompyuta ya kaunta bado imezima. Mteja analipa kwa simu na pesa zinaingia, ila programu ya mauzo haijafunguka, kwa hivyo malipo hayaonekani. Ubishi huanzia hapo, na mteja hujikuta akiambiwa alipe mara ya pili.

Kumbuka: kompyuta yako ikizima, malipo hayapotei. Yako kwenye mfumo wetu. Kabla ya kumdai mteja tena, angalia ujumbe ulioingia kwenye simu ya biashara yako, si ule anaokuonyesha yeye.

Halafu tibu shida yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zimepangwa zibaki zimezima stima ikirudi. Mpangilio huo hauko ndani ya Windows. Uko kwenye BIOS, programu ndogo inayoamka kabla ya Windows. Ubadilishe hivi:

1. Washa kompyuta na ubonyeze mara kadhaa F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa Lenovo nyingi za mezani.
2. Tafuta sehemu ya Power. Dell huandika "AC Recovery". HP na Lenovo huandika "After Power Loss".
3. Chagua "Power On", au "On" kwa baadhi ya HP. Ukichagua "Last State", kompyuta iliyokuwa imezimwa itabaki hivyo hivyo.
4. Hifadhi mabadiliko, kisha utoke.

Sasa jaribu. Zima kompyuta kwa njia ya kawaida, zima swichi ya ukutani, ngoja dakika moja, kisha uwashe swichi. Kompyuta ikijiwasha bila kuguswa, umemaliza. Laptopu nyingi hazina mpangilio huu kwa kuwa zina betri yake.

Usiondoe nenosiri ili mambo yaende haraka. Stima ikirudi usiku, kompyuta itajiwasha duka likiwa limefungwa. Acha isimame kwenye ukurasa wa nenosiri, la sivyo yeyote atakayeifikia ataona rekodi za wateja wako.

Mwisho, stima hurudi kwa kishindo wakati mwingine. Ukiweza, nunua UPS. Itakinga mashine, na itakupa dakika chache za kumaliza kumhudumia mteja aliye mbele yako.